Garsen Iko Nyuma ya Nani?

Galgalo Jibril alikuwa na chama kimoja na ng'ombe sifuri. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, tena kabla mtu hajamwahi, kwa sababu Garsen kicheko kinakuja tu, na ni afadhali ukianze wewe. Mworma ni mfugaji, na asiye na ng'ombe huulizwa anaumwa nini. Galgalo alikuwa akijibu kwamba anaumwa chama.

Chama chenyewe ni Kinu, chama kikubwa cha nchi nzima, ambacho ukisema "Kinu!" umati unajibu "Twanga!" hata kama umati huo haujala tangu jana. Galgalo alikuwa mwenyekiti wa tawi la Garsen tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Kila uchaguzi aliuza ng'ombe. Mmoja alikwenda kwenye mafuta ya gari la kampeni, wawili wakaliwa na wageni kutoka Nairobi, na mmoja, jike jekundu la ukoo mzuri ambaye mama yake Galgalo alikuwa akimwita kwa jina, aligeuka tisheti zilizofika Garsen siku mbili baada ya kura kupigwa. Wengi wa ng'ombe hao walinunuliwa na mpwa wake Abdinur, kijana asiyekuwa na chama chochote, na ndiyo maana alikuwa na ng'ombe.

Mkewe, Darmi, aliuza maziwa sokoni. Maziwa hayo yalitoka kwa ng'ombe wale wale, ila siku hizi aliyanunua kwanza. Hakuwahi kulalamika. Alimwita tu mumewe "Mwenyekiti" pale alipotaka kumkumbusha kwamba sukari imekwisha.

Basi ikatokea kwamba Kiongozi wa Kinu, mzee aliyekianzisha chama, alitangaza kuwa magoti yamechoka na wajukuu wanamwita. Hakutaja mrithi. Uchaguzi mkuu ulikuwa mwaka unaofuata, na redioni wataalamu wakaanza kubishana kama Kinu kitabaki chama kikubwa au kitapasuka vipande viwili, kimoja cha Naibu Kiongozi na kingine cha Katibu Mkuu. Kiongozi mpya angechaguliwa Nairobi katika mkutano wa wajumbe, na kila mwenyekiti wa tawi alikuwa na kura yake.

Galgalo akaanza kupigiwa simu. Asubuhi walipiga watu wa Naibu, jioni watu wa Katibu, na wote walikuwa na swali moja: "Mwenyekiti, Garsen iko nyuma ya nani?"

Naye aliwapa wote jibu moja, kwa sauti ya mtu anayetoa siri. "Garsen iko nyuma yangu. Na mimi niko nyuma yako."

Usingizi wake ukabadilika. Mwendo pia ukabadilika; akaanza kutembea mikono ikiwa nyuma, polepole, kama kwamba nchi ingeyumba akikanyaga vibaya. Kwenye hoteli ya chai karibu na stendi alichora ramani ya Kenya kwa chai iliyomwagika mezani. "Naibu anataka Pwani, Katibu anataka Kaskazini," alieleza. "Sasa niambieni, mlango wa Pwani na Kaskazini uko wapi? Si hapa? Na mlango huu unashikwa na nani?" Watu walisema ni yeye, maana ndiye aliyekuwa ameagiza mahamri.

Tatizo lilikuwa dogo. Kabla ya kwenda Nairobi, kila tawi lilitakiwa kuchagua viongozi upya, na safari hii Kadzo Chengo naye alikuwa amesimama.

Kadzo alikuwa mkulima, mwanamke wa Kigiriama ambaye wazazi wake walihamia delta ya Tana kutoka kusini zamani, wakalima mpaka watu wakasahau kwamba walihamia. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa tawi. Alikuwa na kasoro moja mbaya sana kisiasa, nayo ni kwamba alikuwa akipendwa bila kuagiza mahamri. Ukifiwa, utamkuta jikoni kwako anamenya viazi, na kipaza sauti kikipita mbele yake anakipisha. Galgalo alimwogopa. Bila uenyekiti angekuwa nani? Mzee wa Kiorma anayekaa sokoni karibu na vibuyu vya mkewe. Kundi lake la mwisho lilikuwa hilo tawi, na hakuwa tayari kuliuza.

Akafikiri siku mbili, na siku ya tatu akacheka peke yake chooni.

Mwenyekiti anayeondoka ndiye huchagua mahali na siku ya uchaguzi. Galgalo akachagua malka, ile njia pana inayoachwa wazi kati ya mashamba ili ng'ombe washuke mtoni kunywa. Hakuna mtu anayelima malkani wala kujenga; mkulima na mfugaji wanaweza kugombania kila kitu kingine, lakini hilo wamekubaliana. Siku akachagua Jumamosi, siku ya Abdinur na wenzake kunywesha. Kiangazi ng'ombe hunywa, hukaa siku mbili malishoni mbali huko, kisha hurudi. Wafugaji wale wote walikuwa na kadi za Kinu, Galgalo aliwaandikisha mwenyewe, ila hakuna mkutano uliowahi kuwatoa porini. Maji yangewatoa. Kwa hiyo badala ya kuwaita wapiga kura, aliiachia kiu iwaite.

"Ng'ombe watangoja juu kule vichakani," alimweleza Darmi. "Wanaume wanakuja, wanapanga mstari nyuma yangu, tunahesabiwa, halafu ndiyo wananywesha."

"Na wewe utahutubia?"

"Maneno machache tu."

Darmi aliketi chini, akaweka kibuyu pembeni, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Baba Tahir," alisema, "ng'ombe hao watakunywa Jumapili."

Jumamosi ikafika, na jua halikuwa na huruma. Msimamizi alikuwa Mwalimu Komora, mwalimu mstaafu wa Kipokomo kutoka Ndera, mtu ambaye angemnyima mama yake alama moja kama amekosea. Uchaguzi ulikuwa wa mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wako, mnahesabiwa vichwa. Galgalo alijiwekea nafasi katikati ya malka, mahali pa heshima, mto ukiwa nyuma yake. Kadzo aliulizwa atasimama wapi. Akasogea ukingoni mwa malka, penye ua wa miti mikavu wa shamba lake mwenyewe, ambamo mahindi yalikuwa yameanza kubeba, na watu wake wakajipanga kando ya ua.

"Kuna sheria moja," alisema Mwalimu Komora. "Mgombea akiacha nafasi yake kabla ya hesabu kwisha, amejitoa. Sheria hii mnaijua imetoka wapi."

Walijua. Uchaguzi uliopita Galgalo alishindana na Mwaro, muuza matikiti, na Mwaro alikuwa na mstari mrefu kuliko wake. Lakini Mwaro alikuwa amekula samaki wa jana, na tumbo lilimwendesha, akakimbilia kichakani. Galgalo akasema kwa sauti kuu kwamba kiongozi hawezi kukimbia watu wake. Watu wakacheka, Mwaro akafutwa, na Galgalo akahakikisha jambo hilo limekuwa sheria ya tawi. Leo Mwaro alikuwa kwenye mstari wa Kadzo, ametulia, anakula tikiti.

Wafugaji wakaja. Walitokea vichakani wawili wawili, na fimbo mabegani, nguo zimejaa vumbi, wakampa Galgalo mkono mmoja mmoja na kusimama nyuma yake. Mstari ulikwenda ukafika karibu na maji, ukapinda, ukaendelea. Abdinur alikuwa wa kwanza, nyuma tu ya mjomba wake. Galgalo aligeuka kuutazama mstari ule na moyo ukamjaa. Alikuwa ameshinda. Mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba ameshinda, hata Kadzo aliona, akaanza kujifunga leso vizuri kwa safari ya kurudi jikoni.

"Wagombea wana maneno?" aliuliza Mwalimu Komora.

"Mnanijua," alisema Kadzo. "Asanteni kwa kuja na jua lote hili."

Galgalo angeweza kusema hivyo hivyo. Lakini alikuwa amempa Darmi simu arekodi hotuba, maana kambi zote mbili zilikuwa zinaisubiri, na hapo ndipo penye kazi. Ilibidi amsifu Naibu pasipo kumuudhi Katibu, na kila alipompa mmoja sentensi moja, haki ilimtaka ampe mwenzake nyingine. Alianza na historia ya chama. Akafika kwenye historia ya kinu chenyewe, kile cha kutwangia. Akasema chama kisicho na mrithi ni jambo la kutafakari, naye alikuwa tayari kutafakari mbele yao.

"Mjomba," alinong'ona Abdinur, "maliza. Ng'ombe wanasikia maji."

"Na nikimalizia," alisema Galgalo, na alisema hivyo mara tatu, kila mara akikumbuka jambo jipya.

Wafugaji wakaanza kugeuza shingo kutazama vichakani. Upepo ulikuwa umegeuka, sasa ulitoka mtoni kwenda juu. Darmi, simu ikiwa bado imeinuliwa, alimwashiria kwa kidevu, juu, juu. Galgalo alidhani anamwambia ainue kidevu ili apendeze kwenye picha. Akakiinua.

"Kinu!" alisema.

Hakuna aliyejibu twanga. Ilisikika kengele moja ya mti, kisha nyingi, kisha mlio ule ambao mtu akizaliwa nao hawezi kuukosea, wa kwato nyingi zilizoacha kutembea na kuanza kukimbia. Vumbi likainuka juu ya vichaka. Wachungaji wachache walioachiwa ng'ombe walikuwa wakipiga kelele, lakini ng'ombe aliyekaa siku mbili bila maji na akasikia harufu ya mto hana masikio.

Mstari wa Galgalo ukavunjika mara ile ile. Hakuna aliyeomba ruhusa wala kuaga. Wanaume walishusha fimbo mabegani na kukimbia kulia na kushoto, na ng'ombe walipowaona wanakuja mbio wakazidi kutawanyika, wengine wakaelekea moja kwa moja kwenye mahindi.

Watu wa Kadzo nao waliona. Mkulima huenda kila mahali na panga lake, na mapanga yale yaliyokuwa yamelala chini kando ya ua yakaanza kuokotwa. Hapo Galgalo aliogopa. Hakuogopa kushindwa, uchaguzi ulikuwa umemtoka kichwani. Aliogopa lile ambalo watu wa mto huu hawapendi kulitaja: ng'ombe ndani ya mahindi, panga mkononi, fimbo mkononi, na baadaye wazee wa pande zote wamekaa mkekani wakitafuta maneno ya kuwaambia wafiwa.

Kofia ya chama ilimtoka kichwani. Alikuwa ameshaanza kukimbia.

Hakukimbia kuwazuia. Baba yake alimfundisha kwamba ng'ombe mwenye kiu hazuiwi, unamtangulia. Alikata mbele ya vumbi, kikoi kimeshikwa mkono mmoja, akamtafuta anayeongoza, akamwona: jike jekundu, pembe moja imeinamia chini, kengele shingoni. Pembe ile aliijua. Bibi yake jike huyu ndiye aliyegeuka tisheti. Galgalo akatoa mwito, ule wa maji, wa nyumba yao, mrefu na wa puani, ambao hakuwa ameutoa tangu zizi lake lilipobaki na miba tu. Abdinur alijifunza mwito huo kwake akiwa mtoto, na ng'ombe wakauzoea kwa Abdinur.

Jike jekundu likageuza kichwa. Likaacha mahindi, likamfuata.

Waliofuata wakalifuata. Galgalo alikimbia mbele yao katikati ya malka, anaita, anakohoa, kiatu kimoja kimebaki matopeni, na kundi zima likiwa mgongoni mwake, joto la pumzi zao analisikia shingoni. Hakusimama ukingoni. Aliingia mtoni mpaka magotini, na mamba wa Tana hawaulizi kadi ya chama, lakini hata hilo hakulikumbuka. Ng'ombe wakajipanga kushoto na kulia kwake, wakainamisha vichwa, na ghafla pakawa kimya, isipokuwa sauti ya kunywa. Galgalo alisimama pale akihema. Alikuwa na furaha, furaha ya kijinga kabisa, na hakuwa na hotuba ya kuieleza.

Huko kando ya ua Kadzo hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama pale pale alipojipanga, mikono ameinyoosha, akiwaambia watu wake, "Wekeni panga chini, shikaneni mikono, shikaneni!" nao walikuwa wameshikana, wamekuwa ua wa pili mbele ya ule wa miti. Ulianguka mgomba mmoja. Mahindi yalibaki yamesimama.

Mwalimu Komora alipangusa vumbi kwenye miwani, akahesabu.

"Kadzo Chengo, sitini na wanne," alisema. Kisha akatembea mpaka katikati ya malka, mahali pa heshima. Palikuwa na kofia, na ng'ombe mmoja alikuwa ameipitia na kuachia juu yake alichoachia. Mwalimu aliitazama kwa muda. "Galgalo Jibril. Hakuna."

"Sisi ni wake!" walipiga kelele wafugaji kutoka mtoni. "Sisi wote nasimama kwa Galgalo!"

"Mmesimama kwa ng'ombe," alisema Mwalimu Komora. "Na mgombea ameacha nafasi yake. Hata yeye mwenyewe hayuko nyuma yake."

Mwaro, ambaye alikuwa ameingoja siku hii miaka mitano, aliweka mikono mdomoni kama tarumbeta. "Mwenyekiti!" aliita. "Vipi? Ni tumbo?"

Malka nzima ikacheka, wakulima na wafugaji pamoja. Galgalo alifungua kinywa kukata rufaa. Ilimuuma, na tusidanganyane, ilimuuma kuliko siku alipouza ng'ombe wa mwisho, kwa sababu siku ile alikuwa bado na kiti cha kurudi kukalia. Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe, na kisima hiki alikichimba kwa mikono yake, akakiwekea na ngazi. Kilichotoka kinywani kilikuwa kicheko. Alicheka mpaka jike jekundu likaacha kunywa likamtazama.

Kadzo alishuka mpaka kwenye maji. Hakuwa anacheka. "Mzee Galgalo," alisema, "asante. Mahindi yamepona."

"Mama, nisikudanganye. Nilikuwa nawakimbilia ng'ombe."

"Najua," alisema Kadzo. "Nami nilikuwa nashikilia mahindi. Ila hakuna mtu wa kuzikwa kesho."

Galgalo akaitikia kwa kichwa.

Simu ikalia mkononi mwa Darmi. Alikuwa bado amesimama ukingoni, ameirekodi hotuba yote, na mbio zote, na mwishoni kicheko chake mwenyewe. Alitazama jina, akabonyeza, akainyoosha simu juu ya maji ili mumewe asikie.

"Mwenyekiti wangu!" ilisema sauti ya Nairobi. Haikujulikana ni ya kambi gani. Zote zilikuwa tamu namna ile. "Mmemaliza? Tuambie sasa. Garsen iko nyuma ya nani?"

Kwa mazoea tu, Galgalo aligeuka kutazama.

"Nyuma yangu kuna ng'ombe," alisema.

"Vizuri sana! Wangapi?"

"Wengi. Lakini hawapigi kura, mheshimiwa. Na si wangu. Mpigie Kadzo, yeye ndiye mwenyekiti."

Sauti ya Nairobi ikauliza, tamu vile vile, kama angeweza kupewa namba ya huyo Kadzo. Darmi akakata simu, akaitia mfukoni. Hakumwita Mwenyekiti. Alivua viatu vyake, akaingia majini, akampa mumewe mkono atoke matopeni.

Abdinur alipita kati ya ng'ombe, akapiga jike jekundu mgongoni taratibu. Alikuwa na haya kidogo, kijana huyu aliyenunua mali ya mjomba wake.

"Mjomba," alisema, "mtondo wanakunywa tena. Mimi sauti yangu haitoshi, umeona. Utakuja?"

Galgalo alikung'uta maji kwenye kikoi.

"Kutakuwa na hotuba?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi nitakuja mapema."